Fataki Uingereza: maswali tunayoulizwa kila Oktoba

Majani yakianza kudondoka na maduka yakianza kupanga maboksi ya fataki karibu na mlango, simu yangu haitulii. Wanaopiga ni ndugu zetu waliofika mwaka huu, wengine wamekaa miaka kumi lakini ndiyo kwanza wanataka kununua, na viongozi wa jumuiya wanaotaka kuwafurahisha watoto. Ninaishi Leicester na nimesaidia maonyesho ya mtaani kwetu kwa misimu kadhaa, kwa hiyo nimeona raha ya fataki na nimeona pia mtoto akilia kwa kuungua. Nimekusanya hapa majibu ninayoyatoa kila mwaka.

Yanahusu England na Wales. Scotland na Ireland ya Kaskazini nimeziweka mbele kidogo. Saa zote nimeziandika Kiswahili: saa 5 usiku ndiyo 23:00 kwenye simu yako. Hili nalisisitiza kwa sababu kijana mmoja aliyezaliwa hapa alimwambia babake kwamba mwisho wa kupiga fataki ni "saa kumi na moja". Baba akaelewa alfajiri. Polisi waligonga mlango saa 7 usiku, na mzee wa watu hakuelewa amekosa nini.

Kwa nini tarehe 5 Novemba kila mtu anapiga fataki?

Mwaka 1605 kundi la Wakatoliki lilipanga kumlipua Mfalme James wa Kwanza pamoja na Bunge lake. Guy Fawkes alikamatwa chini ya jengo akilinda mapipa 36 ya baruti. Bunge likatunga sheria ya kuwataka watu waadhimishe siku hiyo kila mwaka, na sheria hiyo ikadumu mpaka 1859. Ilipofutwa, watu walishazoea kuwasha moto mkubwa na kurusha fataki, wakaendelea.

Diwali nayo huangukia Oktoba au Novemba, ndiyo maana milio haikatiki kwa wiki mbili tatu. Kwetu Leicester Diwali ni kubwa mno, na historia yake inatugusa. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, halmashauri ya Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus ikiwasihi wasije mjini. Walikuja. Leo wao na watoto wao ndio wanaoiwasha Belgrave Road, na mama mmoja anayeuza viungo pale bado ananiuliza "habari za nyumbani" kwa Kiswahili kisafi.

Nahitaji kibali cha polisi au halmashauri ili nipige fataki nyumbani kwangu?

Huhitaji. Najua kwetu tumezoea tangazo la polisi kila Desemba kwamba atakayepiga fataki bila kibali atakiona. Hapa mtu mzima wa miaka 18 na kuendelea anaweza kununua fataki za kawaida na kuzipiga kwenye eneo lake mwenyewe, au eneo la mtu aliyemruhusu.

Neno la kulishika ni "eneo lake". Barabara si eneo lako, hata kama inapita mlangoni pako. Bustani ya umma, kiwanja cha watoto, uchochoro wa nyuma ya nyumba, maegesho ya magari ya flati, vyote hivyo si vyako. Kupiga au kurusha fataki barabarani au mahali pa umma ni kosa tangu sheria ya baruti ya mwaka 1875. Sheria ya barabara ya 1980 inaongeza kwamba ukipiga fataki ndani ya futi 50 kutoka katikati ya barabara na mpita njia akaumia au akahatarishwa, una kesi. Pima bustani yako ya nyuma kabla ya kusema ni kubwa.

Kama umepanga nyumba, soma mkataba. Wenye nyumba wengi wanakataza fataki na moto wa nje, na hilo halihusiani na polisi. Ni kati yako na mwenye nyumba.

Mwisho saa ngapi?

Ni marufuku kupiga fataki kuanzia saa 5 usiku mpaka saa 1 asubuhi. Kuna usiku minne tu ambao muda unasogezwa: tarehe 5 Novemba mwisho ni saa 6 usiku, na mkesha wa Mwaka Mpya, Diwali na Mwaka Mpya wa Kichina mwisho ni saa 7 usiku.

Ukivunja, polisi wanaweza kukupa faini ya papo hapo ya £90. Kesi ikifika mahakamani, faini haina kikomo na kifungo kinaweza kufika miezi 6. Maonyesho yanayoandaliwa na halmashauri yenyewe yana msamaha wa saa, kwa hiyo usijitetee kwa kusema "mbona wao walipita saa 5".

Na Idi je? Harusi? Usiku wa Mapinduzi?

Swali hili linaniuma kidogo, maana jibu lake si zuri. Idi haimo kwenye orodha. Sheria imetaja sikukuu nne nilizozisema, basi. Usiku wa Idi mwisho unabaki saa 5. Idi ikiangukia Juni, Magharibi inaingia baada ya saa 3 usiku, na ukishaswali na kula, giza la kutosha linakuja saa 4 na kitu. Unabaki na nusu saa hivi. Ipange vizuri: watoto wavae makoti mapema, boksi moja, mnamaliza.

Ndugu zangu wa Unguja wamezoea fashifashi saa 6 kamili usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari. Hapa saa 6 ya usiku huo ni kosa. Pigeni saa 3 usiku, ambayo Zanzibar ni saa 6 ileile. Kwa majira ya baridi tumetofautiana saa tatu hasa, na rafiki zangu wa London wanasherehekea hivyo kila mwaka, simu ikiwa imewekwa mezani ikionyesha viwanja vya Maisara kule Unguja.

Harusi inafuata sheria ileile. Kumbi nyingi zinakataza fataki kabisa au zinataka fundi mwenye bima, kwa hiyo uliza kabla hujalipa amana.

Fataki zinauzwa lini, na wapi?

Maduka ya kawaida yaliyosajiliwa yanauza kwa misimu minne: tarehe 15 Oktoba mpaka 10 Novemba, 26 mpaka 31 Desemba, na siku za Diwali na Mwaka Mpya wa Kichina pamoja na siku tatu zinazozitangulia. Nje ya hapo unanunua kwenye duka lenye leseni ya mwaka mzima, ambayo halmashauri inaitoza £500. Maduka hayo ni machache, lakini yapo. Ndiko utakakokwenda kwa ajili ya Idi au harusi ya Agosti.

Si kila duka kubwa linauza siku hizi. Sainsbury's waliacha mwaka 2019 kwenye maduka yao yote.

Sasa tuseme wazi kuhusu WhatsApp na Facebook. Kila Oktoba kuna mtu anatuma picha za maboksi kwenye kundi la jumuiya, "bei ya ndugu, nakuletea mpaka mlangoni". Mtu huyo ameziweka wapi? Mara nyingi chini ya ngazi au kwenye gari, karibu na hita. Kuuza bila usajili wala leseni ni kosa, na Trading Standards, kitengo cha halmashauri kinachokagua biashara, huwafuata watu wa namna hii hasa. Mimi nimelishika boksi moja la aina hiyo. Halikuwa na jina la kiwanda wala umbali wa kusimama, na utambi wake ulikuwa mfupi kuliko kidole changu kidogo. Tulilitumbukiza kwenye ndoo ya maji usiku kucha.

Maandishi F1, F2, F3 na F4 yana maana gani?

F1 ni vile vidogo sana, vingine hata vya ndani ya nyumba. F2 ni za bustani ya kawaida. F3 zinataka uwanja mpana. F4 ni za mafundi waliosomea, na wewe na mimi haturuhusiwi hata kuwa nazo.

Kila boksi limeandikwa umbali ambao watazamaji wanatakiwa wasimame. Kwa F2 mara nyingi utakuta mita 8, kwa F3 mita 25. Bustani nyingi za nyumba zetu za mstari hazina mita 25 ukizihesabu mpaka kwa jirani wa tatu. Kwa hiyo dukani usianze na bei wala ukubwa wa picha. Geuza boksi, tafuta mita. Fataki za watu wa kawaida zina kikomo cha mlio pia, desibeli 120, na kampeni za wapenda wanyama zinataka ziteremshwe mpaka 90. Mimi naziunga mkono.

Mwanangu ana miaka 16. Anaweza kununua, au kubeba?

Hapana kwa yote mawili. Duka likimuuzia aliye chini ya miaka 18 fataki hizi, limevunja sheria. Naye akikutwa nazo barabarani au kituo cha basi, amevunja sheria hata kama hajawasha kitu. Vijana wetu wengi wananaswa hapo: kaka mkubwa amenunua kihalali, mdogo anatumwa kuzibeba kwenye begi la shule.

Mzazi, mwambie pia kuhusu mpira. Kuingia uwanjani na fataki au moshi wa rangi ni kosa la jinai chini ya sheria ya 1985, na kwa matamasha ya muziki ipo sheria ya 2017.

Vijiti vya cheche si vya watoto?

Boksi huviita sparklers, na watu wazima huvichukulia kama pipi. Ncha yake inafika karibu nyuzi 2,000. Ushauri wa hapa ni kwamba mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe kabisa, na wewe usishike kijiti huku umembeba mtoto mchanga.

Nitawaambia nilichokiona. Msichana wa miaka minne, koti jekundu, glavu za nailoni zenye picha ya paka. Kijiti kilizimika. Cheche zilipokwisha kilibaki waya mweusi, na kwa macho ya mtoto kitu cheusi kimepoa. Akakishika kwa mkono wa pili, karibu na ncha. Nailoni iliyeyuka ikanata kwenye vidole viwili. Mama yake alikuwa hatua mbili kutoka pale, anampiga picha.

Kwa hiyo: glavu za ngozi au sufu, mkono mmoja, mkono umenyooshwa mbali na mwili. Na weka ndoo ya maji kabla hujawasha cha kwanza. Kijiti kikizimika kinaingia ndoo, hakitupwi kwenye majani ambako mwingine atakikanyaga.

Mzee wangu ametoka Bukavu, kila mlio unamrudisha kule. Nifanye nini?

Ahsante kwa kuuliza. Swali hili nalipata kutoka kwa Wakongo, Warundi, Wabarawa, na hata kwa watu wa Dar. Rafiki yangu alikuwa Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, ghala la silaha la jeshi lilipolipuka. Novemba yake ya kwanza hapa aliingia chini ya meza na watoto wake wawili, akawafunika kwa blanketi, akasubiri. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Basi mwambieni mzee mapema. Mwonyesheni kalenda: tarehe 5 Novemba, wikiendi ya kabla na ya baada, Diwali, mkesha wa Mwaka Mpya. Mlio unaotarajiwa hauogopeshi kama mlio wa ghafla. Siku yenyewe fungeni mapazia ili mwanga usiingie, washeni redio au kaseti ya nyimbo anazozipenda, na mtu mmoja akae naye. Kama hapati usingizi na hali chakula mpaka siku kadhaa baadaye, mpelekeni kwa daktari wa familia na mseme wazi kwamba ni kumbukumbu za vita. Mkalimani ni haki yake, mwombeni mnapopanga miadi.

Na sisi tunaopiga fataki tuna deni hapa. Wiki moja kabla, andika kikaratasi kwa nyumba tano kila upande: siku gani, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi. Sheria haikulazimishi. Kwenye mtaa wetu tunafanya hivyo, na mwaka mmoja bibi wa nyumba ya kona alituomba tuanze saa 1 usiku badala ya saa 3 ili alale. Tulianza saa 1.

Jumuiya yetu inataka kufanya maonyesho ya wazi. Tuanzie wapi?

Anzeni na mwenye uwanja. Ukiwa wa halmashauri, watataka fomu ya tukio miezi kadhaa kabla, makadirio ya hatari kwa maandishi, ramani, na bima ya dhima kwa umma. Hakuna leseni maalumu ya maonyesho ya kawaida England, lakini bila hivyo vitu uwanja hamwupati. Halmashauri nyingi zina kamati ya ushauri wa usalama, ambamo polisi, zimamoto na gari la wagonjwa hukaa meza moja. Ikiwaita, nendeni. Zimamoto na polisi waarifiwe hata kama hamjaitwa, na kama kuna uwanja wa ndege karibu, uongozi wake uarifiwe pia.

Mkiuza pombe, au chakula cha moto baada ya saa 5 usiku, mtahitaji taarifa ya tukio la muda. Ni £21, ipelekwe halmashauri siku 10 za kazi kabla, na watu wasizidi 499 wakiwemo wahudumu.

Kisha amueni nani anapiga. Mkitumia F3 mnaweza wenyewe, mtu mmoja akiwa na jukumu la kuwasha na mwingine la usalama, na wote wawili wakiwa hawajanywa. Mkitaka makubwa ya F4, lazima kampuni ya mafundi. Jumuiya nyingi huchanga, na mimi nawashauri hivyo: hela mnayookoa kwa kupiga wenyewe haitoshi kulipia jicho la mtu.

Upepo uwapulizie watazamaji mgongoni, mabaki yaangukie upande wa pili. Angalieni pia barabara kuu. Tarehe 4 Novemba 2011, kwenye barabara ya M5 karibu na Taunton, watu 7 walikufa magari yalipogongana gizani karibu na uwanja ambako fataki zilikuwa zimepigwa. Msimamizi wa maonyesho alishtakiwa, na mwaka 2013 mahakama ikamwachia huru. Tangu hapo hakuna mwandaaji makini anayesahau kuuliza moshi utakwenda wapi.

Lakini kinachonikosesha usingizi mimi ni milango. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, kwenye jengo la maduka la Freedom City pale Kampala, umati ulikimbilia nje kutazama fataki kupitia njia nyembamba. Watu wasiopungua 9 walikufa kwa kukanyagana na kukosa hewa, wengi wao watoto na vijana. Fataki hazikumgusa hata mmoja wao. Kama sherehe yenu ni ya ukumbini na fataki ziko nje, watoeni watu nje nusu saa kabla, taratibu, milango yote ikiwa wazi na mtu wa kujitolea amesimama kila mlango. Msihesabu tano, nne, tatu wakati watu bado wako ndani.

Mkiwasha na moto mkubwa, lundo la kuni lijengwe siku hiyohiyo. Kalunguyeye hupenda kujificha ndani yake, na watoto wa mtaani kwetu huwa wanalikagua kwa tochi kabla halijawashwa.

Halmashauri inaweza kuzipiga marufuku kabisa mtaani kwetu?

Kwa England, kwenye bustani za watu binafsi, haiwezi. Inaweza kuzuia kwenye maeneo ya umma kwa amri maalumu chini ya sheria ya 2014, na inaweza kukataa maonyesho kwenye ardhi yake. Wanaotaka zaidi wanapaswa kumwandikia mbunge wao.

Nimehamia Scotland. Ni yaleyale?

Siyo. Kule fataki zinapigwa kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 5 usiku, zikiongezwa muda kwa sikukuu. Duka linauza kati ya saa 1 asubuhi na saa 12 jioni, na mteja hapewi zaidi ya kilo 5 za baruti kwa mara moja. Sheria yao ya 2022 inaziruhusu halmashauri kutangaza maeneo ya katazo, na Edinburgh ilitangaza manne Novemba 2024: Balerno, Calton Hill, Niddrie na Seafield. Ndani ya eneo la katazo hata bustani yako haikusaidii.

Ireland ya Kaskazini ni kali zaidi: tangu 1996 unahitaji leseni kununua, kuwa nazo na kuzipiga, isipokuwa vijiti vya cheche na vile vya ndani.

Naweza kuzipeleka nyumbani kwenye sanduku, au kuzituma kwa posta?

Hapana. Ndege haichukui fataki, si kwenye mzigo wa chini wala begi la mkononi, na Royal Mail nao hawazipokei.

Jirani anapiga saa 8 usiku kila siku. Nimpigie nani?

Polisi, namba 101. Mtu akirushiwa fataki, au nyumba ikiwa hatarini, ni 999 mara moja. Duka linalowauzia watoto ni la Trading Standards. Kelele za kila siku zipeleke kitengo cha afya ya mazingira cha halmashauri ukiwa umeandika tarehe na saa kwenye daftari. Bila daftari watakurudisha ukaanze. Anayemtesa mnyama kwa fataki anashtakiwa kwa sheria ya wanyama ya 2006, na kifungo kinaweza kufika miaka 5.

Fataki imewashwa, haijalipuka.

Usiisogelee. Wala usiiinamie kuchungulia. Subiri nusu saa kamili, kisha imwagie maji mengi na uitumbukize ndoo.

Mtu ameungua. Cha kwanza ni nini?

Maji ya bomba ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, dakika 20. Tazama saa, kwa sababu ukiwa na mtoto anayelia dakika tatu zinaonekana ishirini. Vua pete, bangili na nguo iliyo karibu, lakini iliyonata kwenye ngozi iache. Usipake dawa ya meno, asali, yai wala mafuta ya nazi. Najua bibi zetu walitupaka, lakini vinabakiza joto ndani na daktari atalazimika kuvikwangua. Barafu pia usiweke. Baada ya maji, funika kwa plastiki nyembamba ile ya kufunikia chakula, uilaze juu ya jeraha bila kuzungusha. Mtoto mdogo, uso, jicho, viganja, au jeraha kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua, vyote hivyo ni hospitali usiku huohuo. Jicho usilisugue na usimruhusu alisugue. Mshikeni mikono njia nzima.